Mdogo wangu ana uoni hafifu, shule imekataa simu. Nimpatie nini aone ubao?

Mama Shani wa Kibirizi aliandika:

Habari za jioni wadau. Naomba mnisome mpaka mwisho, jambo hili limeninyima usingizi tangu Jumapili.

Mimi nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Namlea mdogo wangu wa kiume tangu mama alipofariki. Ana miaka 15, yuko kidato cha kwanza, anakaa bweni, shule ya serikali ndani ya mkoa huuhuu. Ni mtoto mwenye ualbino. Ngozi yake tumeshaiweza: losheni, shati la mikono mirefu, kofia pana, kivulini saa sita mchana. Macho ndiyo yananishinda.

Shule ya msingi alikaa dawati la mbele, na jirani yake alikuwa anamsomea ubao kwa sauti ya chini. Walimu walinyamaza, wakaacha iwe hivyo, na akafaulu. Sekondari mambo yamebadilika. Darasa lina wanafunzi zaidi ya sabini, mwalimu anaandika, anafuta, anaandika tena, na kila mtu anakimbizana na daftari lake. Wa kumsomea hayupo. Anachofanya ni kuazima daftari la mwenzake baada ya prepo, kile kipindi cha kujisomea usiku, na mwenzake naye analihitaji.

Likizo hii nilikaa naye mezani, nikamwambia anakili hesabu kutoka daftari aliloazima nami nimwone. Anainama mpaka pua inakaribia kugusa karatasi. Kidole cha kushoto kinabaki kwenye mstari wa mwenzake, anageukia daftari lake, anaandika maneno mawili matatu, anarudi kukitafuta kidole. Ukurasa mmoja ulimchukua dakika arobaini. Nikakagua. Alama za kutoa tatu zimepotea. Palipoandikwa −3x yeye kaandika 3x, kwa sababu ile kialama kwenye daftari la mwenzake imeandikwa kwa peni ya bluu iliyofifia, na kwake haipo kabisa. Mtihani wa nusu muhula hesabu alipata 11, na mwalimu akaandika kwa wino mwekundu: "Huna umakini." Neno hilo limenichoma. Mtoto anayeshinda dakika arobaini kwenye ukurasa mmoja, umakini gani tena anaodaiwa?

Kabla ya likizo nilimnunulia simu ya mtumba yenye kamera nzuri, apige picha ubao kisha avute maandishi yakue. Siku mbili alirudi bwenini na notisi kamili kama wenzake. Siku ya tatu ikachukuliwa, maana wanafunzi hawaruhusiwi simu. Nilikwenda kuzungumza, nikaambiwa utaratibu ni mmoja kwa wote, akiachiwa yeye na wengine watadai. Nimerudishiwa mimi, iko kabatini.

Kwa hiyo naomba anayejua anielekeze: kipo kifaa cha kumsaidia kuona ubao ambacho si simu? Miwani ya hospitali anayo na anaivaa, lakini inamsaidia kidogo tu. Ni vioo havitoshi au ndivyo ilivyo? Nimesikia pia kuna mitihani ya maandishi makubwa, sijui anayeomba ni nani. Nina laki mbili. Zaidi ya hapo mpaka mbalamwezi ipite, maana dagaa huvuliwa usiku wa giza, na sasa hivi ziwa limelala, wavuvi wapo nyumbani.

Kofia Pana alijibu:

Shikamoo dada. Mimi nina ualbino pia, nasoma ualimu hapa Tabora. Hiyo picha ya kidole kwenye mstari nimeisoma mara mbili, maana ni mimi kabisa.

Kuhusu miwani, hukudanganywa. Nyuma ya jicho, katikati, kuna sehemu ndogo inayotumika kuona vitu vidogo kama herufi. Kwa sisi wenye ualbino sehemu hiyo haikukomaa tangu tumboni, kwa kuwa ile rangi inayokosekana kwenye ngozi inakosekana hata ndani ya jicho. Miwani inarekebisha kile lenzi inachokosea, na wengi wetu tunayo makosa hayo makubwa, kwa hiyo aendelee kuivaa. Ila sehemu ambayo haikuumbika miwani haiwezi kuiumba. Usitumie laki yako kubadilisha vioo kila mwaka ukitegemea siku moja ataona kama wewe.

Sasa mtazame anaposoma. Mboni zetu zinachezacheza zenyewe. Wengi wetu tuna pembe moja ambayo zikielekezwa huko zinatulia, ndipo tunapoona vizuri zaidi. Mimi hugeuza uso kushoto, macho yanatazama kulia. Walimu walikuwa wananishika kidevu kuninyoosha, wakidhani nachungulia kwa jirani, na wakininyoosha ubao unapotea. Nilipohamia upande wa kushoto wa darasa, ubao ukawa kuliani kwangu wenyewe, shingo ikapumzika. Huenda mdogo wako naye ana upande wake. Utafuteni kabla hujanunua chochote, hauna gharama.

Kifaa cha ubao kinaitwa monokula. Ni darubini ndogo ya jicho moja, inaenea kwenye kiganja, haina betri, haina laini, haina picha ya kumwonyesha mtu. Mwalimu hana sababu ya kuichukua. Utaona imeandikwa 4x12, 6x16 au 8x20. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usivutiwe na namba kubwa. Kadiri inavyokuza ndivyo unavyoona eneo dogo, na mkono ukitetemeka maneno yanaruka yote. Ile ya 8 ilinishinda. Ya 6 ninayo mwaka wa nne sasa, kamba yake nimebadilisha mara tatu.

Halafu, tafadhali, asiende nayo darasani siku anayoipata. Mimi nilifanya hivyo, nikakaa kipindi kizima nazungusha kioo natafuta ubao uko wapi, wenzangu wanacheka, nikaifungia sandukuni muhula mzima. Aanze nyumbani: kwanza aangalie kitu kwa macho matupu, asikipoteze, kisha alete darubini jichoni bila kusogeza kichwa, azungushe mpaka pakae sawa. Kalenda ukutani. Kisha mabango ya dukani. Kisha kitu kinachotembea.

Njia ya Haki alijibu:

Pole sana dada. Lakini na mimi niseme: usiipokee hiyo "utaratibu ni mmoja kwa wote" kimyakimya. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kabla yake, mwaka 2009, nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Mkataba huo unataka mtoto afanyiwe marekebisho yanayofaa ili asome, na kumnyima marekebisho hayo unahesabu ni ubaguzi. Kumpa kila mtoto kitu kilekile hakuwi usawa kama mmoja wao haoni ubao. Andika barua, acha kwenda kwa mdomo. Nakala kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri. Barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa hujibiwa.

Na kama wakizidi, fikiria kumhamishia shule ya wenye mahitaji maalumu.

Mwalimu wa Isevya alijibu:

Mwangaluka wote. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu hapa Tabora, mwaka wa kumi na tisa huu. Mama Shani, nimekupenda bure kwa jinsi ulivyokaa ukamtazama. Wazazi wengi hutuletea neno moja tu, "haoni vizuri", nasi tunaanzia sifuri. Wewe umeniletea dakika arobaini na alama tatu za kutoa. Hapo kuna kazi ya kufanyika.

Macho yake yana shida mbili ambazo unazichanganya: mbali na karibu. Monokula aliyokueleza kijana ni ya mbali, haitamsaidia kwenye daftari. Kwa karibu kuna kioo cha kuba, kile kama nusu ya yai la kioo. Hakishikwi hewani, unakiweka juu ya karatasi na kukisukuma kwenye mstari, kinakusanya mwanga chenyewe. Kinakuza takriban mara mbili, na kwa mtoto anayeweza kuinama karibu hivyo kinatosha. Mgongo nao usiuache: mwambie seremala amtengenezee kibao cha mteremko cha kuwekea daftari juu ya meza, kitabu kimfuate yeye badala ya yeye kukifuata kitabu. Ninao wanafunzi wa miaka kumi na sita wenye maumivu ya mgongo kama wazee kwa sababu ya kukosa kipande cha ubao.

Peni ya bluu aachane nayo. Mark peni nyeusi yenye ncha nyembamba, na daftari ulipige mistari upya kwa wino mweusi, ukiruka mmoja. Kuhusu vitabu, nenda steshenari. Kopi ya A4 ikitolewa kwenye A3 herufi zinakua karibu mara moja na nusu. Kitabu kidogo cha saizi ya A5 kikipandishwa mpaka A3 herufi zinakuwa maradufu: iliyokuwa pointi 12 inakuwa 24. Wengi wenye uoni hafifu huanza kupumua kwenye 18. Usikopi kitabu kizima, kopi sura wanayosoma mwezi huo.

Mwanga: dirisha liwe mgongoni au ubavuni kwake, lisiwe usoni kamwe. Aruhusiwe kofia darasani.

Mwalimu wa hesabu ndiye ningeomba kuonana naye mwenyewe ningekuwa Kigoma. Kuna kitu kimoja hakigharimu hata senti: aseme anachoandika. Walimu wa hesabu tuna tabia ya kuelekeza chaki, "hii ukitoa hii unapata hii." Mtoto asiyeona "hii" hana cha kushika. Akisema "hasi tatu x", alama ya kutoa imefika sikioni hata kama jicho limeikosa. Darasa zima linafaidika. Nimeliona hilo mara nyingi mno.

Mtihani: Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, za nukta nundu kwa wasioona, na muda wa ziada. Mzazi haombi moja kwa moja. Shule ndiyo inayojaza aina ya ulemavu wakati wa kusajili watahiniwa. Upimaji wa kidato cha pili ukifika na shule haijajaza, atapewa karatasi ya kawaida na hapo hakuna wa kumlaumu siku ya mtihani. Kwa hiyo mpeleke kitengo cha macho hospitali ya mkoa, apimwe uwezo wa kuona wa mbali na wa karibu, uombe taarifa ya maandishi, mwalimu wa taaluma aiweke kwenye jalada lake mwaka huuhuu.

Ndugu Njia ya Haki, kuhusu shule maalumu nakupinga kwa heshima. Mtoto aliyefaulu kwa kusomewa kwa kunong'onezwa anaweza kusoma popote penye mwalimu anayesema anachoandika.

Mama Shani wa Kibirizi aliandika:

Mwalimu, Mungu akuweke. Sijui nianzie wapi.

Njia ya Haki, asante, barua nitaandika. Lakini kuhama hataki. Nilimuuliza akanijibu, "Dada, huko nako watakuwa na ubao."

Kofia Pana, nimemtazama usiku huohuo kwa taa. Anageuza uso KULIA. Miaka yote nimeishi naye nyumba moja, nikidhani ni maringo ya kijana! Nimemuuliza kama anajua, akasema hapana, akaanza kujijaribu mwenyewe kwa kalenda, kushoto, kulia, kushoto, mpaka Shani mwanangu naye akaanza kumuiga. Kwa hiyo akae upande wa kulia wa darasa, nimeelewa sawa?

Swali jingine. Kijana wa steshenari amekataa kunitolea kopi kubwa za kitabu cha Biolojia. Anasema ni wizi wa hakimiliki na anaogopa.

Kofia Pana alijibu:

Umeelewa sawasawa. Kulia kwake anapotazama ubao.

Sikio Jema alijibu:

Wadau, mimi sioni kabisa, nipo Kasulu, naandika haya kwa simu inayonisomea kila herufi ninayogusa. Huyo kijana wa steshenari mwambieni kuna mkataba wa kimataifa uliofikiwa Marrakesh, Moroko, mwaka 2013, mahususi kwa jambo hilo: kitabu kugeuzwa kuwa maandishi makubwa, nundu au sauti kwa ajili ya asiyeweza kusoma chapa ya kawaida. Tanzania imejiunga. Mzazi anayemkuzia mtoto mwenye uoni hafifu sura moja ya Biolojia si mwizi.

Nina ombi moja kwa dada. Msimfanye mtoto asome kila kitu kwa macho. Mimi nilikuwa na uoni hafifu mpaka nikiwa na miaka ishirini, na nilijilazimisha kusoma kwa macho kila kitu kwa sababu niliona kusikiliza ni kukubali upofu. Kichwa kiliniuma kila jioni kwa miaka. Macho yake ayatunzie hesabu na michoro. Historia na Kiswahili, asikilize.

Kwa simu yako ile ya kabatini, au tableti isiyo na laini, ingia Mipangilio, kisha Ufikivu. Humo kuna ukuzaji wa skrini, kugeuza rangi ili maandishi yawe meupe juu ya weusi (wengi wenye ualbino hupumzika hapo, mwanga hauwachomi), na kusomewa kwa sauti. Sauti ya Kiswahili ipo, ipakue ukiwa na bando, baada ya hapo inasoma bila intaneti. Shule ikiwa na kompyuta, iwekwe NVDA, programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kisha akajiunga naye James Teh, wote wawili hawaoni, na haiuzwi, ni ya bure. Inaweza kukaa kwenye flashi, mtoto akachomeka kompyuta yoyote ya Windows bila kusakinisha kitu. Ina sauti ya Kiswahili pia, ngumungumu kama bati, lakini sikio huzoea ndani ya wiki mbili.

Na shule usiwaombe "simu". Waombe "kifaa cha kusomea" kisicho na laini, kikae kwa mwalimu wa taaluma, kitolewe saa ya prepo na kurudishwa. Neno simu ndilo lililowafunga.

Mama Shani wa Kibirizi aliandika, wiki nane baadaye:

Wadau, nimerudi, niliahidi moyoni kuleta majibu.

Hospitali tulikwenda, alipimwa kwa utulivu, taarifa nimepewa ukurasa mmoja na muhuri. Nilitoa kopi nne. Barua nimeandika kama alivyoelekeza Njia ya Haki, ila mwisho nikatumia maneno ya Sikio Jema: kifaa cha kusomea. Mkuu wa shule aliisoma yote mbele yangu, akauliza kama kina laini, nikasema hakina hata mahali pa kuiweka. Akamwita mwalimu wa taaluma. Tableti ndogo ya mtumba, laki moja na themanini, inakaa ofisini na inatolewa saa moja usiku. Jalada lake lina taarifa ya hospitali, nimeona kwa macho yangu ikiingia.

Monokula ya 6x16 niliagiza kwa ndugu aliyepo Dar, ikaja na basi. Hatukuipeleka shule. Siku zilizobaki za likizo alikuwa nayo hapa mwaloni, boti zinapotia nanga. Kalenda, kisha bango la bei la jirani, kisha namba za boti zilizopakwa rangi ubavuni. Boti zilizotia nanga zilimchukua siku mbili. Zinazoingia asubuhi zikiyumba, siku ya tano ndipo alinisomea namba nzima kabla boti haijagusa mchanga, na mvuvi mwenyewe akathibitisha. Zamani alikuwa ananiuliza mimi ni boti ya nani inaingia.

Seremala wa eneo la Mwanga, hapahapa Kigoma, ametengeneza kibao kwa mabaki ya mninga, hakunitoza mbao, alitaka ya misumari tu.

Mwalimu wa hesabu nilionana naye. Nilikwenda nikiwa na hasira ya lile neno jekundu, nikajizuia, nikamwekea mezani daftari mbili: lile la mwenzake na la mdogo wangu, nikamwonyesha alama tatu. Alikaa kimya muda mrefu, akavua miwani yake, akazisogeza zile daftari karibu na uso. Akasema hakujua. Mdogo wangu anasema sasa anatamka kila anachoandika, na wanaokaa nyuma wamemshukuru. Jaribio la juzi kapata 38. Zile alama za kutoa hakukosa hata moja. Alichokosa ni hesabu zenyewe, ambazo hakuwahi kuziona tangu Januari.

Kilichobaki ni michoro ya Fizikia. Nimeikuza A3 lakini ina mistari mingi na herufi ndogo pembeni, anapotea humo. Mwalimu wa Isevya, nifanyeje?

Mwalimu wa Isevya alijibu:

Usikuze mchoro kama ulivyo. Weka karatasi nyeupe juu yake dirishani, uchore upya kwa mark peni nyeusi vile tu anavyotakiwa kuvijua, herufi zigeuze ziwe namba kubwa, na majina yaandike karatasi ya pembeni. Mchoro mmoja karatasi moja. Wa kwanza utakuchukua saa nzima. Nitumie picha ukimaliza, nikuangalizie kabla hujampelekea.

Mama Shani wa Kibirizi aliandika:

Mbalamwezi inaanza Alhamisi. Nitakuwa na usiku saba.